Pindo Nililolifunga Mabamba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu Mabamba, bibi mzaa baba alimshonea mfarishi wa viraka mjukuu wake aliyekuwa bado tumboni mwa mama. Vipande alivikata kwenye nguo kuukuu za watu wote wa nyumbani: koti la marehemu babu, kanga za mama, sketi yangu ya shule iliyokwisha kunibana. Akaviunga, akatia blanketi kuukuu katikati, kisha akaanza kuzungusha utepe wa kitenge chekundu ukingoni; hilo ndilo pindo. Ilikuwa mwaka 2014, msimu wa mvua, na ukungu ulishinda migombani.

Lilipobaki pengo la kiganja kimoja, bibi akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaacha.

"Mbona humalizi?" nikauliza.

"Pindo halifungwi mpaka mtoto alie, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Ukilifunga, umemfungia njia."

Kushona nilifundishwa na yeye, na nilitamani mno kusifiwa. Mchana mmoja, bibi akiwa shambani na mama amelala, niliutandaza mfarishi magotini nikamalizia. Nakumbuka ulikuwa na joto, kana kwamba kuna mtu ameinuka juu yake muda ule ule. Nakumbuka pia mvua ilikatika ghafla na kuku wakanyamaza. Nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno.

Jioni ile uchungu ukamshika mama. Baba akampeleka zahanati kwa pikipiki, na huko wakapata gari la kwenda hospitali. Siku ikapita. Kila baba alipopiga simu, alikuwa na neno moja: "Bado."

Siku ya pili, adhuhuri, bibi aliingia chumbani kuutazama mfarishi. Akakaa humo muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti ya chini.

"Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Alinipa wembe.

"Aliyefunga ndiye afungue."

Nikaketi mlangoni penye mwanga, nikaitafuta mishono yangu. Haikuwepo. Mimi nilishona mishono mirefu, ya kwenda upande. Hii ilikuwa midogo kama punje za ulezi, imebanana. Nilipiga fundo moja, na sasa nilikuwa nayaona matatu.

"Bibi, hii siyo yangu."

"Naona," akasema. "Fungua hivyo hivyo."

Nilikata mmoja mmoja. Fundo la mwisho lilikataa wembe. Bibi akaweka mkono wake juu ya wangu, tukakata pamoja. Hatujainuka, simu ikaita. Ni baba: mama amejifungua mtoto wa kike. Alichelewa kulia, lakini amelia.

Kesho yake baada ya wao kurudi nyumbani, bibi alinyoosha mikono ampokee mtoto. Mama akampita, akaingia ndani. Nilidhani ni uchovu. Lakini bibi aliishi miaka miwili baada ya hapo, na sikumwona hata siku moja amembeba mdogo wangu.

Leo mimi ni mkunga. Nimekesha na wanawake wengi ambao uchungu wao ulivuka siku moja, na sababu zake nazijua. Mishono ile sijui niielezeje, na nimeacha kujaribu. Mwaka jana nilimweleza mama yote, nikiwa tayari kwa hasira yake. Aliendelea kuchambua maharage, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Nilikuta pindo limefumuliwa, nikamuuliza," akasema hatimaye. "Bibi yako aliniambia ni yeye aliyelifunga. Alisema alipitiwa tu, uzee."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Kwa miaka mingi nilijiuliza ni nani aliyeshona mchana ule. Siku hizi namfikiria bibi, aliyekaa miaka miwili akimtazama mjukuu wake akibebwa na jirani, na shangazi, na mimi. Neno moja tu lingemletea mtoto yule mikononi, na neno lenyewe lilikuwa jina langu.