Sauti ya Kijapani kwa Avenue Yetu

Nilikuwa nangojea kwa fundi wa radio za motokari, kule commune ya Kampemba, jirani yangu mujane akaleta motokari yake iliyotoka Japani. Alitaka radio mupya, baffle kubwa za sauti, na ampli ya kuzipa nguvu.

Fundi akawasha motokari. Radio ya zamani ikasema Kijapani, sauti ya mwanamuke, pole pole. Mama mujane akafunga macho.

"Eyo, mama, asante," akaiitikia ile sauti.

"Mama, unasikiaka Kijapani?" fundi akauliza.

"Hapana. Marehemu bwana yangu alikuwa anamujibu hivi kila asubuhi."

Fundi akaweka chini tournevis yake ya kufungulia radio. "Basi radio ibakie. Ampli na baffle nitaunga ku hii hii."

Sasa mama akiwasha motokari, sauti ile inajaza avenue nzima. Pengine inasema tu mulango ya motokari haiyafungwa. Lakini sisi wote, ndani ya lupango za nyumba zetu, tunaijibu: "Eyo, mama, asante."