Mshipi wa Kwanza

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na tangu uniulize ununue fimbo gani ya kuanzia uvuvi, inanijia kila saa. Ni siku niliyopewa nafasi ya kuchagua, nikachagua vibaya.

Wakati huo Mwingereza bado anatawala, nami nilikuwa kijana wa Newala mwenye mdomo mwingi. Msimu mzima nilikuwa nikimshikia mnyororo wa kupimia Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta njia ya kupandisha maji huku kwetu juu. Alipomaliza kazi akaniita, akaweka vitu viwili mezani, akasema nichukue kimoja kiwe zawadi yangu. Kimoja kilikuwa kopo la sigara lenye ndoana ndogondogo na uzi mwembamba. Cha pili kilikuwa fimbo ya kuvulia ya kwao, ya vipande vitatu, yenye gurudumu la shaba la kuzungushia mshipi, na vinyoya vya rangi vilivyofungwa kwenye ndoana ili samaki avidhanie nzi. Akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba fimbo ile ni ya maji maangavu, tena inamtaka mtu aliyekwisha kujua kuvua. Nilimsikia vizuri tu. Nikachukua fimbo, na kopo likaenda kwa mpishi wake.

Unajua habari ya maji ya Newala. Mama zetu walishuka mteremko alfajiri wakarudi jua limeshapanda, na mtungi mmoja kichwani. Mimi samaki nilimjua akiwa mkavu, sokoni. Kwa hiyo fimbo yangu niliijaribia uani, kwenye vumbi, nikirusha kinyoya huku na huku mbele ya watu. Nikamnasa kuku wa jirani kwenye bawa, na hata hilo walilishangilia, isipokuwa mwenye kuku. Nikaanza kuitwa Mvuvi kabla sijalowa miguu, na jina lile lilinipendeza mno.

Basi nilikuwa nampenda binti mmoja wa Chilangala, Zuhura. Kwetu mwenye neno la mwisho juu ya binti alikuwa mjomba wake, na mjomba wa Zuhura, Mzee Chilumba, hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipopeleka posa alinitazama, akasema, "Nasikia wewe ni mvuvi. Ijumaa ijayo wazee wanakutana hapa baada ya swala, kuzungumza habari yako. Uje na kitoweo cha mkono wako, ili wale. Yuko mwenzako naye ameleta posa."

Nikashuka bondeni, mto Ruvuma, Jumapili. Siku tatu nzima nikarusha vinyoya. Maji yale yana tope, na samaki wake wanatafuta chakula chini huko. Kinyoya changu juu hawakukiona hata kidogo. Mshipi nao ulitaka nafasi kubwa nyuma yangu, na nyuma yangu palikuwa na vichaka vitupu, nikawa nashinda kuunasua. Jumatano nikaona heri niingie majini mpaka magotini nipate nafasi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliponipigia kelele nitoke. Alikuwa Bibi Somoe, Mmakua mwenye shamba la mpunga pale ukingoni. Nikatoka, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mama yako yupo?" akaniuliza.

"Yupo, bibi."

"Basi mamba akikuchukua, mimi na magoti haya ndiye nitakayepanda mlima kumpelekea hicho kijiti?" Ndipo akaitikia marahaba.

Aliishika fimbo, akaipinda kidogo, akasema ni nzuri. "Inavua samaki gani?" Nilikuwa nazijua sifa zote za fimbo, na samaki niliyemfuata simjui hata jina. Niliona aibu, mwanangu, nikatamani nirudi nyumbani saa ileile.

Kesho yake, Alhamisi, alinikatia tete refu kama kimo changu mara mbili, ili nisimame mbali na maji. Akanipa uzi mwembamba na ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, maana perege, samaki wa maji yale, ana mdomo mdogo. Boya likawa kipande cha bua la mtama, na chambo nyungunyungu wa shambani kwake. Kwenye bwawa lililobaki pembeni mto ulipopungua, akaniambia niache chambo kining'inie chenyewe. Kwenye maji yanayokwenda akafunga kijiwe, uzi usichukuliwe. Hadi alasiri nilikuwa na perege saba, wadogo, lakini wangu. Tukawabanika wasiharibike.

Mlima ule haupandwi kwa haraka, nami niliuanza jua limeshainama. Nililala njiani. Chilangala nilifika Ijumaa magharibi, nikamkuta Mzee Chilumba barazani peke yake. Alipokea samaki kwa mikono miwili, akaonja mmoja, akasema ni mtamu.

"Wazee wamekwisha kula," akasema. "Walikungoja mpaka alasiri. Mwenzako alikuja na jogoo. Tumekwisha kumpa neno."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningepata la kujitetea. Nililia njia nzima hadi nyumbani, maana Zuhura nilimpenda kweli, na siku tatu nilizozihitaji nilikuwa nimezitupa kwenye tope pamoja na vinyoya.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujanunua chochote, nenda kwanza ukingoni mikono mitupu ukaulize kuna samaki gani na wanakula nini. Kisha tafuta fimbo unayoweza kuishika kutwa mkono usiume, mshipi mwembamba, na ndoana inayoingia kwenye mdomo wa samaki wa pale. Mto ukienda kasi weka uzito, ziwa likitulia weka boya. Ile ya vinyoya iache mpaka utakapojua mwenyewe unaitakia nini. Na mtu mwenye kujua akikwambia chombo fulani hakikufai bado, usiishie kumsikia tu kama mimi.

Nenda salama. Mungu akuepushe na mamba, akujalie samaki wa kuwatosha wa nyumbani, na siku utakayokuwa na watu wanaokungoja, akufikishe kabla hawajanyanyuka.