Mkufu wa Mwezi wa Nane

Nikipita kwa seremala na kusikia harufu ya vanishi, hutabasamu peke yangu. Nilipokuwa mtoto, kuna siku mama alikuwa aende Chuo cha Chepkoilel kesho yake kupokea cheti cha ualimu, na hakuwa na mkufu wa kuvaa. Mimi na dada yangu tukachana kutoka kwenye kalenda ukurasa wenye picha ya maua. Tuliukata vipande vyembamba, tukavizungusha kwenye njiti ya ufagio, tukavibandika kwa uji wa ngano, kisha tukavipaka vanishi iliyobaki baba alipotengeneza meza. Shanga hizo za karatasi ziling'aa, tukazitunga kwenye uzi, tukampa mama.

Asubuhi baba alifungua kalenda. "Mwezi wa nane umeenda wapi? Niliandika hapo siku ya trekta kuja kulima."

Mama akatoka chumbani amevaa mkufu. "Uko hapa, Baba Watoto."

Baba akainama, akageuza shanga moja moja kwa vidole vyake vigumu, akitafuta mwandiko wake. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo nzima, kila aliyeusifu mkufu, baba alimjibu kwa maringo, "Huo ni mwezi wa nane."