Siku Baba Alipokuja Kuiona Kazi Yangu

Haijanitoka kichwani, mwanangu Mwajuma, siku ile babu yako Mzee Abeid alipofunga safari kutoka Kaole mpaka Dar es Salaam kuja kuiona kazi yangu kwa macho yake. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako Shabani alikuwa bado mwanafunzi. Nakusimulia siku hiyo na yaliyoifuata kwa sababu juzi uliponipigia simu uliniuliza swali ambalo mimi, nilipokuwa na umri wako, sikumuuliza mtu.

Ulisema, "Shangazi, nimepata nafasi ya kusoma kompyuta, lakini wananiambia nichague. Kuna kuandika programu, kuna mitandao, kuna data, kuna usalama wa mifumo. Nichague ipi yenye soko?"

Nilikujibu kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kufikiri. Niliogopa nikianza kusimulia sauti yangu itakatika, nawe ungedhani ni mtandao.

Enzi zile mtu wa Kaole akisema anasomea kompyuta, watu walidhani anajifunza kupiga chapa. Mimi nilisoma kwa bidii, nikafaulu, na kabla hata sijarudi nyumbani kupumzika nikachukuliwa na kampuni moja kubwa mjini. Wakaniweka chumba cha seva. Kama hujakiona chumba cha namna hiyo, ni makabati ya chuma yaliyojaa kompyuta zisizokuwa na kioo wala kibodi, zenye kuhifadhi kumbukumbu za kampuni nzima, nazo hazizimwi usiku wala mchana. Kazi yangu ilikuwa kuziangalia zisipate joto, zisijae, zisizimike. Walimu wangu walisema nimepata kazi nzuri. Rafiki zangu walisema hivyo hivyo. Nami nikaamini, maana sikuwa na kipimo changu mwenyewe.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kiyoyozi kilivuma kutwa, nikawa navaa sweta la sufu katika mji ambao watu wanatembea na leso ya kufutia jasho. Mambo yakiwa sawa hakuna aliyenikumbuka. Yakiharibika, simu ya mezani ililia, na mtu nisiyemjua sura alinifokea. Nikitengeneza, simu ilinyamaza tena mpaka hitilafu nyingine. Siwalaumu. Nani huyakumbuka maji ya bomba wakati yanatoka?

Jioni moja nilipita sokoni kununua nyanya. Mama muuza nyanya akanisalimia, nikamwitikia, na sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajiuliza nina mafua? Kumbe tangu asubuhi sikuwa nimetamka neno hata moja. Nilinunua nyanya nyingi kuliko nilizohitaji, mwanangu, ili yule mama aendelee kunisemesha.

Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumbani Kaole alibaki baba na minazi yake, na Shabani alipokuwa likizo. Kila nilipokwenda, baba aliniuliza, "Hasa unafanya nini huko?"

"Naangalia mashine, baba."

"Unaziangalia tu?"

"Naziangalia zisiharibike."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha baada ya kula aliuliza tena kwa njia nyingine. Hakuwa anadharau. Watu barazani walimuuliza habari za binti yake, naye alitaka kuwa na la kuwajibu. Ndipo siku moja akaniambia, "Bora nije nione."

Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wangu, Bi Sharifa, mwanamke wa Bagamoyo mjini, wa ukoo wa Waarabu wenye maduka ya nguo. Alipendezwa sana. "Mlete mzee," alisema. "Hakuna aliyewahi kumleta mzazi wake huku."

Baba akaja. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya kudarizi aliyoivaa siku za sikukuu, na mkononi kikapu kilichofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea mikate ya kumimina, wewe na wenzako. Bi Mwanaidi wa jirani ameamka nayo alfajiri. Nimemwambia aongeze, sikujua mko wangapi."

Nikampokea kikapu. Nikamwongoza kwenye korido, nikafungua mlango kwa kadi yangu, naye akasimama kizingitini akasema kwa sauti ile ile ya barazani, "Assalamu alaikum!"

Akangoja. Mashine zikavuma. Akageuka kunitazama.

"Wamekwenda kuswali?"

"Hapana, baba. Ni mimi peke yangu."

"Leo?"

"Siku zote."

Nilimwonyesha kila kitu. Nikamweleza kwamba taa ya kijani ni salama na nyekundu ni matatizo, nikamwambia kumbukumbu za watu wa nchi nzima zinapita kwenye nyaya zile. Alisikiliza kwa makini, akasema mashaallah mahali panapostahili. Lakini nilimwona anatetemeka kwa baridi, nikavua sweta langu nikamvika juu ya kanzu. Kiti kilikuwa kimoja, nikamkalisha. Chakula hakiruhusiwi mle ndani, basi tukatoka koridoni tukala mkate mmoja tukiwa tumesimama, kikapu kikiwa chini miguuni, kimejaa.

Ndipo akaniuliza, polepole, "Kazi hii uliipenda mwenyewe, au uliambiwa ni nzuri?"

"Niliambiwa ni nzuri, baba."

"Na nyingine za hiyo hiyo kompyuta, umeziona?"

"Sijaziona. Nilipewa hii kwanza."

Akatafuna, akameza. "Mimi marehemu mama yako nilimposa bila kumwona uso. Mwenyezi Mungu alinijalia, nikapata mke. Lakini wewe sikukubali uposwe hivyo. Walikuja watu nyumbani nikawarudisha, nikasema binti yangu atamwona mtu kwanza, atazungumza naye. Leo nakuta umejiozesha mwenyewe kwa kazi usiyoijua! Tena nakuona umekonda, Tatu. Unaniambia ni uchovu, ni joto. Mimi nina macho."

Nilifungua mdomo nijibu, na simu ya ndani ikalia. Kabati moja lilikuwa limezimika. Nikamwambia baba anisubiri kidogo, nikakimbilia ndani. Hitilafu ile ilinishika muda mrefu. Nilipotoka, korido ilikuwa tupu. Sweta lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kikapu, na kikapu hakikuwa na mkate hata mmoja.

Nikashuka mpaka getini. Mlinzi aliyekuwa zamu, kijana ambaye nilimpita kila asubuhi nikionyesha kadi, alikuwa anafuta mafuta vidoleni.

"Mzee ameondoka, ameogopa kukosa gari," alisema. "Ametugawia mikate sisi na akina mama wa usafi. Kumbe dada unaitwa Tatu? Miaka yote hii!"

Siku zilizofuata akina mama wale waliniita kwa jina. Hilo lilikuwa jambo dogo, ila mimi liliniliza.

Sikubadilisha kitu, mwanangu. Maneno ya baba yaliniingia, lakini kila asubuhi kadi ilifungua mlango ule ule. Nilijiambia nitatafuta nyingine mwaka ukiisha. Kisha ikaja siku ya pili ninayotaka uijue.

Mle chumbani simu za mkononi hazikushika mtandao, kwa sababu ya kuta na vyuma. Namba ya simu ya mezani nyumbani hawakuwa nayo. Nilitoka alasiri, nikafika nje, simu ikaanza kutikisika mkononi isinyamaze. Shabani alikuwa amenipigia tangu asubuhi. Baba alianguka shambani, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Nilifika Kaole watu wanatoka makaburini, wanakung'uta mchanga miguuni. Sikumwona uso. Bi Mwanaidi alinishika, akaniambia walinisubiri kadiri walivyoweza. Najua walinisubiri. Na maiti haiwekwi.

Sikusimulii haya ili uichukie kompyuta. Chumba hakikumuua baba yangu. Lakini nilipokaa matangani, kila aliyekuja kunipa pole aliniambia jambo baba alilomwambia kuhusu kazi yangu. Alikuwa amewasimulia taa za kijani na nyekundu. Aliwaambia binti yake analinda kumbukumbu za nchi nzima. Hakumwambia hata mmoja kwamba alinikuta peke yangu. Hilo aliondoka nalo.

Niliporudi kazini nikaenda kwa Bi Sharifa, nikamwomba likizo yangu yote kwa mkupuo.

"Ukapumzike, Tatu. Una haki," alisema.

"Sitaki kupumzika. Nataka kukaa pembeni ya watu wanaofanya kazi nyingine za kompyuta, niwaone wanavyoshinda."

Alinitazama sana. "Watu wanachukua likizo kukimbia ofisi. Wewe unataka kwenda kukaa kwenye viti vya wenzako?" Kisha akachukua simu akaanza kuwapigia.

Nilianza na waandika programu. Walikuwa vijana wawili wanaobishana mbele ya kioo kimoja kama wacheza bao, na wakipata jibu wanagongana viganja kwa furaha. Kazi yao niliiweza. Tatizo ni kwamba walipofurahi mimi sikufurahi. Nilishukuru tu kwamba imeisha. Nikaenda na mafundi wa mitandao, tukapanda mnara karibu na Kerege. Nasema tukapanda, lakini mimi niliishia ngazi za chini, nimekumbatia chuma, wao wanacheka juu wananiambia nisitazame chini, nami nilikuwa sijafika popote pa kutazamia chini. Walinipa maji na kivuli cha gari lao. Nikakaa na watu wa takwimu, wanaogeuza mauzo ya mwaka mzima kuwa mchoro mmoja unaosomeka. Hiyo niliipenda. Ningeweza kubaki hapo, na mpaka leo nawaonea wivu kidogo.

Mwisho, Bi Sharifa alinituma na kikundi kilichokuwa kinafunga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati za huku kwetu. Kijijini Fukayosi tulimkuta muuguzi wa makamo, Mama Zawadi, ambaye hakutaka hata kukigusa kipanya. Alisema akiharibu atakatwa mshahara. Wenzangu walikuwa na haraka, wakaniachia yeye. Nikavuta kiti. Sikumfundisha chochote kwanza, nilimuuliza habari za watoto wake. Tukaongea. Kisha nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukasogeza pamoja. Mpaka jua linainama alikuwa ameandika mwenyewe jina la mama mmoja mjamzito na tarehe yake ya kurudi kliniki, akasoma kwenye kioo kwa sauti, akamwita mwenzake aje aone. Wakasemezana kwa Kikwere wakacheka. Nikagundua koo linaniuma, kwa kusema kutwa nzima.

Nikahamia kazi hiyo, ya kufundisha watumiaji wa mifumo. Cheo chake kilikuwa chini ya kile nilichoacha, na kuna jamaa walionong'ona kwamba Tatu amefukuzwa seva. Nimetembea zahanati nyingi za wilaya hii kwa miaka mingi. Nimelala kwenye nyumba za wageni zisizo na maji, nikala peke yangu mezani mara nyingi kuliko nilizokula na mtu. Sikuolewa. Sitakudanganya kwamba nilipopata kazi yangu upweke uliondoka. Nyumba hii ya baba ninayoishi sasa ikifika magharibi haina sauti isipokuwa yangu na ya redio. Ila kutwa nzima nakuwa nimeshazungumza, na nikilala nalala nimechoka kwa kitu ninachokijua.

Tena sikiliza hili vizuri. Aliyechukua nafasi yangu kwenye chumba cha seva anaitwa Hamisi. Nilipokuwa namkabidhi nilimwonea huruma. Mwaka mmoja baadaye nilimuuliza anaendeleaje, akaniambia, "Dada Tatu, hapa hakuna anayenisumbua. Nasikia mashine moja tu ikibadilisha mvumo, najua ina nini. Sijawahi kupata raha kama hii." Alisema kweli, uso ulikuwa unang'aa. Kumbe chumba kile hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha Hamisi.

Basi mwanangu, nisikie. Soko usiache kuliuliza, maana lazima ule. Lakini soko la kompyuta linageuka haraka, na watakaokuambia leo kipi kina soko ndio hao watakaoshangaa kesho. Wewe uliza pia siku ya mtu wa kazi hiyo inakwendaje. Anaamka anafanya nini, anazungumza na nani, anafurahi wakati gani, anachoshwa na nini. Usimuulize mwenye kuisifu tu. Nenda ukae pembeni yake kutwa, uone akidhani humwoni. Ukipata mafunzo kwa vitendo, omba wakuzungushe, usikubali kuwekwa kona moja. Ukikuta unaweza kazi fulani, usidhani ndiyo yako. Yako ni ile ambayo wenzako wakifurahi nawe unafurahi. Na ukishaingia mahali ukaona si pako, ondoka mapema, ukiwa na heshima yako na afya yako. Usingoje jambo kubwa likutoe. Halafu watu wa nyumbani wape namba ya kukupata popote ulipo. Hilo halina uhusiano na masomo yako, lakini nimeliweka.

Jumatatu nina kazi zahanati, gari litapita kwenu asubuhi. Njoo ukae na mimi. Ukiona haikufai, niambie wazi, sitakasirika. Jumanne nitampigia Hamisi, ukamwone naye.

Mwenyezi Mungu akufungue macho, mwanangu, akupe riziki ya halali na moyo wa kuitambua. Akukutanishe na watu wema kila utakapokaa, na akuepushe na kuishi maisha uliyochaguliwa na wengine. Radhi zangu unazo zote. Amin.