Muslimo wa Samaki na Mkwe Kutoka Wajir

Muslimo hukaanga kambare wa mto Tana kando ya soko la Garissa, na ulimi wake ni mkali kuliko mafuta ya karai lake. Alizaliwa Kotile, kwa watu wa ng'ombe. Ukame ulipowamaliza ng'ombe, kaka zake walikaa wakililia mizoga. Yeye alishuka mtoni akaenda kununua samaki kwa wavuvi. Mama yake mzazi alikaa mwaka mzima hapokei chochote mkononi mwake, eti mkono unanuka. Muslimo hakulia. Alinawa kwa ndimu, akakaanga, akasomesha watoto.

Sasa binti yake Siham alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Kliniki, nesi alimwambia mbele ya mama yake: "Kuna mafuta ambayo mwili haujitengenezei, lazima uyapate kwa chakula. Na yale ya samaki ndiyo yanasaidia kujenga ubongo na macho ya mtoto tumboni. Kula samaki, dadangu, mara mbili kwa wiki." Muslimo alitoka pale kidevu juu, kama mtu aliyeshinda kesi iliyozeeka kortini.

Raha hiyo haikudumu. Lul, mama mzazi wa mume wa Siham, aliteremka kutoka Wajir na samli, maziwa ya ngamia na maneno. Alimkuta Siham anachambua kambare sahanini.

"Abayo Muslimo, dada yangu! Huyu ni mjukuu wa wenye ngamia. Unamlisha mnyama asiye na miguu?"

"Mtoto yuko tumboni bado. Miguu ya nini, anaenda malishoni?"

"Mimi nimelea wanangu wote kwa samli."

"Na samli ataila. Samli ina kazi yake, samaki ana yake. Nesi amesema."

"Nesi hanizalii mjukuu. Kesho Siham anapanda gari na mimi, twende Wajir."

Siham aliacha kutafuna. Muslimo akapima. Akimkatalia Lul, ataichafua ndoa ya binti yake. Akinyamaza, mwanawe ataenda kuzalia mbali naye, baada ya safari ndefu na tumbo limeshafika kifuani. Akauacha ubishi, akainuka kumpikia mgeni.

"Nikupikie nini, abayo?"

"Baasto na tuuna," Lul alisema, sauti imelainika kidogo. "Kama anavyonipikia mke wa mwanangu mwingine, Keynan. Hiyo ndiyo nyama, laini, haichoshi meno."

Muslimo alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akachemsha baasto, zile tambi ndefu, akafungua kopo la dukani, akaimwaga tuuna juu, akamngoja ameze matonge mawili matatu. Kisha akaliweka kopo mbele yake, upande wenye picha.

"Huyu ni nani, abayo?"

Lul akaliinua kopo, akalisogeza mbali na macho. "Picha ni picha tu. Kopo la maziwa ya unga lina ng'ombe. Ng'ombe yuko ndani?"

"Maziwa yake yamo. Na humu mwenyewe yumo. Tuuna ni samaki wa baharini, wallahi."

Siham alijifunika uso kwa shungi, mabega yakimtikisika. Lul alimgeukia. "Unacheka nini, we msichana?" Akaitazama sahani, akaitazama tena. Njaa ya safari haina adabu. Akachota tonge jingine.

"Huyu hana kichwa," alisema akitafuna. "Yule wako ananikodolea macho."

"Nikikikata?"

"Na mkia. Na miiba yote utoe."

"Nitatoa. Na Wajir?"

"Wajir haihami. Nikiondoka, nani atakuchunga usimpe binti yangu kichwa? Nakaa hapa mpaka azae."

Mpaka azae, na ulimi ule chini ya paa lake! Muslimo alimsogezea Siham sahani ya kambare, akamwongezea Lul baasto, na tuuna ya kutosha juu yake.