Tulipopunguza Sauti

Sauti yangu ni kubwa, sikatai. Ninauza vitenge sokoni, na kule usipoita watu unarudi nyumbani na mzigo uleule wa asubuhi. Basi baba yangu alipokuja kukaa kwetu baada ya mama kufariki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpigia kelele. Masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Miaka yote ya ujana wake aliimalizia kwenye mashini za kusaga mawe ya shaba, na alipostaafu alikuwa hasikii hata radi.

"Baba! Chai!"

"Eh?"

"CHAI, baba!"

"Eh?"

Mpaka jirani anaitikia nyuma ya ukuta: "Mama, mupe ile chai! Siye bote tumesikia!"

Tulicheka siku za mwanzo. Baadaye kicheko kiliisha, nikabaki na koo linaloniuma na hasira. Nilimpenda baba yangu, lakini nilichoka kumpenda kwa kelele.

Mezani alijichagulia kiti kimoja, kile cha kutuelekea sisi, dirisha likiwa mgongoni mwake na mwanga ukitupiga usoni. Ukimkalisha kwingine anahama. Na alikuwa na tabia ya kututazama midomo tukila. Iliniudhi sana. Nilimwambia mume wangu, "Huyu muzee ananihesabia matonge." Mume wangu alisema ni uzee tu, nimwache.

Siku moja maji yalikatika asubuhi. Baba alifungua robine, lile bomba la jikoni, akaona haitoi kitu, akaiacha vilevile, akaenda kusinzia kwenye kiti sebuleni. Mchana maji yakarudi. Mtu mwenye masikio angesikia yakipiga sinki, yakimwagika, yakitembea sakafuni. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta magunia yetu mawili ya unga wa bukari, ugali wetu, yamelowa mpaka katikati, na baba amelala kitini, viatu vyake vinaelea mbele yake.

Nilipiga kelele siku ile, Mungu anisamehe. Nilimwita mpaka sauti ikakwaruza. Yeye anashtuka, anatazama maji, ananitazama mimi. "Eh? Eh, mama?" Alizoea kuniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Kila alivyosema "eh" ndivyo nilivyozidi kuwaka.

Jioni tulikula mezani. Halafu nikapunguza sauti, nikamwambia mume wangu, baba akiwa mbele yetu anakanda tonge lake:

"Mi nimechoka. Leo ni maji, siku ingine itakuwa moto. Tumutume ku Kilwa, kule ku ziwa, kwa dada yake."

"Lakini alisema anataka kufia hapa," mume wangu akajibu, naye kwa sauti ya chini. "Karibu na kaburi ya mama."

Ni kweli. Kila Jumapili baada ya misa baba alikwenda makaburini kupalilia kaburi la mama, na pembeni yake kulikuwa na nafasi aliyotuonyesha kwa kidole, siyo mara moja. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliomba kwetu. Nikasema:

"Alisema, ndiyo. Lakini ni mie njo namuchunga, haiko weye. Ni kama niko na mutoto mwenye hatakomea, hatakuwa mukubwa."

Baba aliweka tonge lake kwenye sahani, akanawa mikono, akaenda chumbani kwake. Nikafikiri ameshiba.

Baada ya siku mbili alikuja jikoni akasema mwenyewe, bila mtu kumuuliza: "Mama, minataka niende ku Kilwa, kwa dada yangu. Nimekumbuka samaki ya kule."

Nilimshukuru Mungu, tena kwa magoti. Nilimpikia kuku mzima. Kuku yule mpaka leo nikimkumbuka ninaona aibu.

Asubuhi ya safari tulimweka kwenye gari, jipu la kwenda Kilwa, kiti cha dirishani, kioo kimefungwa kwa ajili ya vumbi. Mimi na mume wangu tulisimama getini. Injini ilikuwa inanguruma, na neno dogo nililomwambia mume wangu pale, yeye mwenyewe ilibidi ainamishe sikio kulipata. Mara baba akashusha kioo. Akanyoosha mkono, akashika wangu, akasema, "Sasa upumuzike, mama." Gari likaondoka. Nilichukua neno lile kama baraka. Nilikwenda kulihadithia sokoni, wenzangu wakasema nina bahati ya baba.

Kwa kiziwi, simu ni kazi bure. Shangazi akimpa simu baba anasema, "Mi niko muzima. Nanyi muko bazima?" Halafu anangoja kidogo, kwa heshima tu, kisha anaikata. Mimi huku ninapiga kelele kwenye simu ambayo imeshafungwa.

Mvua zikaanza. Barabara ya Kilwa ikawa matope matupu, malori yakalala njiani. Shangazi akapiga simu: baba ameshikwa na homa. Siku ya tatu akapiga tena, akawa analia tu. Gari la kutufikisha halikupatikana. Wakamzika kule, ufukweni mwa ziwa, bila mtoto wake, mbali na mke wake.

Kilio tulikifanya huku, kwenye parsele yetu, pale uani. Wazee waliofanya kazi naye walikuja. Wawili kati yao walikaa mbalimbali, mmoja upande huu wa hema, mwingine upande ule, na wanawake wanalia katikati. Nikawaona wanachezesha midomo bila sauti, halafu wote wawili wakacheka. Aka! Kucheka kwenye kilio cha baba yangu? Nikamwendea yule wa karibu, nimeshika kiuno.

"Usikasirike, mama," akasema. "Tunamukumbuka baba yako. Ku mashini sauti haikuwa na kazi, tulikuwa tunasomana midomo. Yeye njo alikuwa wa kwanza. Kapita, musimamizi wetu, anasema na mwenzake mu biro yao, nyuma ya kioo, baba yako anatuambia yote."

Nikakaa chini, kwenye vumbi.

"Lakini tulikuwa tunamuita, hajui hata chai," nikasema. "Nilikuwa napiga makelele!"

"Ee, ukipiga makelele mudomo inapotoka, haisomeki tena. Kusema pole pole tu, kama vile banasema siri. Ile anasoma yote."

"Sasa juu ya nini hakutuambia?"

Mzee akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. "Ile haisemwake. Kapita akijua unamusoma, anageuza mugongo. Ukisoma neno unalitia mu tumbo, unafanya sura ya mujinga. Twote tuliapa."

Akainuka kwenda kuongeza munkoyo kwenye kikombe chake. Mimi nilibaki palepale. Nilikumbuka kiti chake, na dirisha mgongoni mwake, na tonge alilolirudisha kwenye sahani. Halafu nikakumbuka jipu.

Siku ile getini, injini ikinguruma, nilimwambia mume wangu: "Asante Mungu, sasa nitapumuzika." Nilisema pole pole, kama siri. Baba alikuwa nyuma ya kioo, amenielekea. Kiapo chao alikivunja mara ile moja tu, akashusha kioo ili anijibu.