Kiti cha Mke wa Redio

Siku Mama Tiketi alipomwona Redio kwa mara ya kwanza, bwana huyo alikuwa anamwibia wateja mchana kweupe.

Mama Tiketi alikuwa amesimama gatini na kundi la walimu. Alikwisha kuwaeleza kwamba boti yake ina paa, kwamba kisiwani mchanga ni mweupe na maji hayazidi kiuno, kwamba chakula cha mchana kimo ndani ya bei na jioni wote watakuwa makwao. Walimu walikuwa wameanza kufungua mikoba. Ndipo akatokea kibwana mwembamba, fulana ya kampuni jirani inamning'inia kama imeanikwa, akawauliza kama wamewaaga waume zao au wametoroka tu. Walimu wakacheka. Akasema yeye kwake aliaga tangu juzi, lakini mkewe hajampa jibu, bado anapiga hesabu ya sabuni itakayotumika kumtoa chumvi akirudi. Kicheko kilipokwisha, walimu wote walikuwa wamekaa ndani ya boti ya jirani.

Mwingine angetukana. Mama Tiketi alivuta kiti, akasubiri boti irudi. Jioni alimwita yule bwana pembeni, akamuuliza jirani anampa nini, akaongeza kidogo tu, na chakula juu. Kesho yake Redio alikuwa amevaa fulana yake.

"Nimenunua mdomo," alimwambia nahodha wake. "Huyo mtu anayeubeba nimepewa bure."

Ndivyo alivyokuwa Mama Tiketi. Alianza maisha kwa kuuza maji ya chupa pale pale gatini, ndoo kichwani, na kila alichokuwa nacho, kuanzia boti mpaka feni ya ofisini, alikipata kwa kumchosha muuzaji mpaka akubali. Na kwa Redio aliona kabisa kwamba amelamba dume. Njia ya kwenda kisiwani ina mahali mawimbi huipiga boti ubavuni, watu wakaanza kushika matumbo na kuulizana nani aliyewaleta. Hapo Redio husimama katikati, mkono mmoja kwenye nguzo ya paa, akaanza habari za mke wake. Mtu anayecheka hakumbuki kutapika.

Habari zilikuwa nyingi, zote za mke. Alikuwa fundi cherehani, na kwa maneno ya mumewe alikuwa jitu la mwanamke lenye mkono wa birika, linalokoroma mpaka mashine yake inaanza kushona yenyewe. Iliyopendwa kuliko zote ni ya gauni. Redio alisema mkewe ni bahili hata gauni lake la harusi alilikata, akashona foronya. "Sasa kila usiku nalalia harusi yangu," alisema, kwa uso mkavu kabisa. "Nikigeuka upande huu nasikia vigelegele. Nikigeuka huu, namsikia mkwe anadai mahari iliyobaki." Watu walivunjika mbavu. Wengine walirudi mwaka uliofuata na ndugu zao, wakaomba gauni kabla hawajauliza habari ya chakula.

Miaka ilipita hivyo. Kisha Redio akaja ofisini kuomba nyongeza, kwa heshima, kofia mkononi. Mama Tiketi hakusema hapana, maana hapana ni neno la mtu asiyejua biashara. Alimuuliza kama mkewe amewahi kufika kisiwani. Hajawahi. Miaka yote hiyo anakuona unaondoka asubuhi na kurudi na mchanga kwenye viatu, hajawahi? Basi safari ijayo aje, akae kiti cha mbele, ale, aogelee, kama mgeni yeyote. Msimu ulikuwa wa wageni wachache. Kiti chenyewe kingekwenda kitupu.

Redio alijikuna kisogo. Alisema mkewe angefurahi sana, amekuwa akiitamani safari hiyo tangu zamani, ila yeye siku hiyo angesimulia vichekesho vya nahodha tu. "Unaelewa, dada."

Mama Tiketi akasema anaelewa. Alichoelewa ni kwamba nyongeza imeahirishwa.

Siku yenyewe abiria walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya bima, na mkuu wao, mtu wa kitambi na kicheko cha karibu, alikwisha kusafiri na boti hiyo kabla. Alikuwa amemwahidi Mama Tiketi kwamba siku ikienda vizuri, matawi yao yote yatapanda boti hiyo kila mwaka. Kwa hiyo Mama Tiketi naye alipanda, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akakaa kiti cha mbele.

Kando yake aliketi mke wa Redio. Mama Tiketi alitazamia jitu, akaletewa kimwanamke kidogo chenye sauti ya chini, amevaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa. Alilishona kwa ajili ya safari. Alimwita Mama Tiketi wifi, akamshukuru kwa kiti, na boti ilipoondoka aliyaangalia maji kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Wengine hawakumjua ni nani.

Mawimbi yakaanza. Redio akasimama, akawasimulia habari ya nahodha anayeogopa samaki. Wakatabasamu. Akawapa nyingine. Mhasibu mmoja akainamia ndoo. Ndipo mkuu wa bima akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wewe bwana, acha kutubania. Tupe ya mke. Tupe gauni!"

Wote wakapiga makofi kudai gauni. Redio hakumwangalia mkewe. Alimwangalia Mama Tiketi. Alikuwa anaomba kitu kidogo sana: aseme injini inapiga kelele, aseme tugawe matunda sasa, aseme lolote. Hata nahodha aligeuza shingo kusubiri. Mama Tiketi aliyafikiria yale matawi yote ya bima. Akatikisa kichwa kukubali: toa.

Redio akalitoa. Hajawahi kulisimulia vizuri kama siku ile, labda kwa sababu alitaka liishe. Boti nzima ilicheka, mhasibu akasahau ndoo yake. Mke wa Redio alicheka pia, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka, na kicheko chake kiliendelea kidogo wengine walipokwisha kunyamaza. Kisha akakunja mikono mapajani, akarudi kuangalia maji.

Kisiwani wageni walivaa miwani ya kuzamia, wakaingia majini. Mke wa Redio alibaki kivulini na sahani yake. Mama Tiketi alimfuata, akasema wifi usijali, ni maneno ya kuchekesha watu, anatia chumvi tu.

"Hakutia," alisema yule mwanamke. "Nililikata kweli. Alikuwa hana kazi, mwaka mzima. Kulikuwa na nyumba ya wageni inataka foronya nzuri, na mimi kitambaa kizuri nilikuwa nacho hicho tu. Nililikata yeye akiwa amelala, nikamwambia nimemwazima mtu. Alipojua alilia." Akasukuma samaki pembeni ya sahani. "Wanakuja kwa ajili ya hiyo?"

Mama Tiketi alikiri kwamba wengi wanakuja kwa ajili ya hiyo.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa mfanyakazi wako."

Mama Tiketi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu gatini, alifanya alichokijua. Akasema basi tuzungumze, ataje anachotaka, na safari hii hakuwa na nia ya kumpunja.

"Siuzi, wifi," alisema yule mwanamke, kwa upole kabisa.

Hakumgombeza mumewe, si kisiwani wala nyumbani. Alimwambia tu aache hiyo ya gauni, nyingine zote asimulie. Lakini wiki iliyofuata Redio alisimama penye mawimbi, akashika nguzo, akafungua mdomo, akatangaza zilipo jaketi za kuokolea. Basi. Mama Tiketi alimpa nyongeza aliyoomba, akamwongezea na nyingine. Redio alishukuru, akatangaza jaketi kwa sauti kubwa zaidi.

Matawi ya bima yalikuja mwaka mmoja, hayakurudi. Sasa boti ina spika, na watu hutapika kwa muziki. Redio mwenyewe aliomba kuhamia kwenye kamba na mafuta. Ni mfanyakazi mzuri, hachelewi. Ukimwambia habari za asubuhi anasema salama.

Mito ya viti ilipochakaa, Mama Tiketi aliipeleka kwa mke wa Redio. Walivutana bei mpaka chai ikapoa, wakakubaliana katikati, na kazi ilitoka safi. Alipokuwa anafunga mzigo, Mama Tiketi aliuliza mume wake yuko wapi. Yuko humo ndani, alijibiwa, amekaa. Zamani alikuwa anasimulia mpaka fundi anapindisha mshono, anamfukuza na mkasi. Siku hizi mshono haupindi.

Mama Tiketi alisikiliza kidogo. Kutoka chumba cha ndani hakikusikika hata kikohozi. Akabeba mito yake, akaondoka.